Mwiko

Mwaka wa kwanza tuliishi na popo.
Wao juu, kwenye boriti zilizobaki,
sisi chini ya turubai, palepale walipopiga magoti
watu ambao hatujui hata jina la mmoja.
Alfajiri nilizoa mavi ya popo kwa koleo,
nikayapeleka kwenye mihogo. Mihogo ilishukuru.

Mama yako alikuja kutoka Wete na viatu vya kanisani.
Akasema: Nyumba ya Mungu hailaliwi, Eustasi.
Ukamjibu: Mungu alihama zamani, mama,
tangu ilipofanywa ghala la karafuu.
Hakucheka.
Alituachia ndoo mbili na mkeka.

Na ni kweli, mvua ikinyesha
sakafu hutoa harufu ya karafuu,
taratibu, kama mtu anayekumbuka deni.

Binamu zako walisema: saruji, wiki moja mmemaliza.
Wewe ukasema jiwe la matumbawe halivishwi saruji,
hukosa pumzi, likaoza kimyakimya.
Basi tukaleta mawe kwa gari la ng'ombe,
tukayachoma siku mbili na usiku wake,
tukayazima kwa maji shimoni, yakatokota, yakanyamaza.
Miezi sita ukilichungulia lile shimo
kama mwenye mgonjwa hospitali.
Sijawahi kuonea tope wivu. Mwaka ule nililionea.

Gurudumu langu la kufinyangia sikuliweka pale mbele.
Nilikwambia mwanga wa dirisha la kaskazini ni bora.
Ni bora kweli.
Lakini pia niliogopa kidogo.

Bi Mize, jirani, alikaa barazani siku mbili
na bakuli lake la mbatata, asiingie.
Siku ya tatu akavua makubadhi, akavuka kizingiti,
akaenda moja kwa moja hadi kona ya kushoto.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipokaa na dada yangu,
tukichambua vikonyo, pishi kwa pishi,
na karani ana ufunguo shingoni."
Akatazama juu, akatazama gurudumu langu.
Kwake yeye haikuwahi kuwa kanisa.
Akaniuliza bei ya chungu cha wali.

Kisha ukuta wa mashariki.
Nilikuwa nikibandua lipu kwa kisu cha jikoni,
tabaka la kwanza, la pili, la kijani la ghala,
na chini kabisa, kwenye niru ya zamani, kidole gumba
kimezama kabla haijakauka.
Mimi mfinyanzi. Nakijua kidole kilichoteleza,
nakijua na kidole kilichokusudia.
Hiki kilikusudia.
Nikaweka changu. Kikaingia, na nafasi ikabaki.

Ukasema: Pafunikwe, Kesia. Unyevu utapitia hapo.
Nikasema: Na upite.
Ukasema miaka miwili ya mgongo wako imo ukutani humo.
Nikasema na wake umo, huyu, tena hakuulizwa.
Siku nne hatukusemezana
ila chumvi, na kiberiti.

Siku ya tano nilikuta umeshaamka, umepanda jukwaa,
chokaa karaini, mwiko mkononi.
Neno hilo hilo moja:
ulichoshika, na usichopaswa kutenda.
Nilisimama mlangoni na udongo mikononi, sikusema kitu.
Ukapaka kulia. Ukapaka kushoto.
Ukashuka hadi chini, ukarudi juu,
ukapazunguka pale polepole
kama mtu anayepita kando ya aliyelala.

Sasa pana kipande, ukubwa wa sahani, hakijapakwa.
Wageni hudhani chokaa ilituishia.
Paa la nyuma bado linavuja, kengele hatujaipata,
na popo wawili wamekataa kuhama.
Masika ikiingia kile kipande hutoka jasho,
na wewe hukipangusa kwa kanga yangu kuukuu,
kila asubuhi, kabla ya chai,
ukinung'unika:
Si nilisema? Si nilisema mimi?